UZI: Wazee wetu "waliozaliwa" saa tano na dakika 45 usiku, na jinsi saa ya Kenya ilivyohamishwa hamishwa

#1 FundiMitambo (mleta uzi)

Wakuu salama? Hii kitu imeninyima usingizi wiki mbili, ngoja niitue hapa labda nitapona.

Mimi mkate wangu ni kompyuta. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo (sitaji jina, msianze) walinipa kazi ya kuhamisha daftari la wanachama kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Nikahamisha, nikalipwa nusu, nikaenda zangu. Siku ya tatu karani ananipigia, wewe fundi, wazee wanalalamika huku, tarehe zao za kuzaliwa zimerudi nyuma siku moja. Mzee kitambulisho kinasema 10 Machi 1940, mashine inasema 9 Machi. Nikaingia ndani kuchungulia nikakuta si 9 Machi tu, ni 9 Machi saa 23:45 usiku. Yaani dakika kumi na tano kabla ya siku yake mwenyewe.

Jasho likanitoka maana nusu ya hela iko bado kwao. Nikawapanga watu wote kwa mwaka wa kuzaliwa, na hapo ndipo nikachanganyikiwa zaidi. Waliozaliwa kuanzia Agosti 1942 kuja huku wote wako sawa, hakuna shida. Waliozaliwa kuanzia 1937 mpaka Julai 1942 wote wamesogea 23:45. Wa 1930 mpaka 1936 wamesogea 23:30. Halafu kuna marehemu mmoja wa 1929, yumo bado kwa sababu ya mambo ya mirathi, huyo yuko SAWASAWA kabisa. Na mwingine wa 1926 amerudi tena 23:30. Sasa niambieni, virusi gani hiyo inachagua watu kwa mwaka wa kuzaliwa?

Kumbe si virusi, ni serikali. Serikali ya mkoloni imenitegea bomu ikaenda zake, miaka themanini baadae likanilipukia mimi.

Naendelea, naweka chai.

#2 MbishiWaMwisho

Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu ungepeleka hiyo mashine kwa maombi kwanza.

#3 BintiPwani

Weka hiyo chai haraka, umetuacha pabaya.

#4 FundiMitambo

Haya. Programu ya zamani ilikuwa bubu, yenyewe inajua Kenya ni saa tatu mbele ya Greenwich (kule Uingereza saa za dunia zinakoanzia kuhesabiwa) tangu Adamu. Programu mpya inatumia lile jedwali la saa za dunia ambalo liko ndani ya kila simu mliyoshika hapo, na jedwali hilo lina kumbukumbu, linajua Kenya haikuwa hivyo siku zote. Kwa hiyo ile saa sita kamili ya usiku ambayo ya zamani iliandika kwa hesabu ya saa tatu, ya mpya ikaisoma kwa hesabu ya mwaka husika. Kama mwaka huo Kenya ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, basi robo saa inapungua na mzee anaangukia jana yake.

Nikafungua mstari wa Nairobi kwenye hilo jedwali nikausoma kama msahafu. Unaenda hivi. Mwanzo kabisa Nairobi ina saa yake ya jua, saa mbili dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich (msicheke hizo sekunde, nitazieleza). Mei 1908 ikawekwa saa mbili na nusu. Usiku wa 30 Juni 1928 wakasogeza mbele ikawa saa tatu kamili. Usiku wa 4 Januari 1930 wakarudisha nyuma, saa mbili na nusu tena. Kuingia mwaka 1937 wakapandisha robo, ikawa saa mbili na dakika 45. Halafu usiku wa 31 Julai 1942, vita ya pili imepamba moto, wakapandisha robo nyingine, saa tatu. Hapo ndipo tuko mpaka leo.

Hesabuni wenyewe. 1928, 1930, 1937, 1942. Mtu aliyezaliwa 1920 alipofika miaka 22 serikali ilikuwa imeshamsogezea saa mara nne na hakuhama kijiji. Na sasa mnaelewa kwa nini yule marehemu wa 1929 yuko sawa, alizaliwa ndani ya ile miezi kumi na nane ya saa tatu. Katikati ya saa tatu moja na saa tatu nyingine kuna miaka kumi na miwili na nusu ya kusuasua.

#5 Mwalimu_Jiografia

Ngoja nisaidie hapo kwenye sekunde kabla watu hawajaanza kutania.

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo uzi mmoja wa longitudo ni dakika nne. Nairobi iko kama nyuzi 36 na desimali 8 mashariki, zidisha kwa nne unapata dakika 147 na ushee, ndiyo hiyo saa mbili na dakika 27. Mombasa iko karibu nyuzi 39 na desimali 7, inatoka saa mbili na dakika 38 hivi. Kisumu iko nyuzi 34 na robo tatu, saa mbili na dakika 19. Kwa hiyo jua likiwa utosini Mombasa, Kisumu bado kama dakika 20 lifike utosini kwao.

Zamani hiyo haikuwa shida ya mtu. Unatembea kwa mguu au kwa jahazi, dakika 20 utazijulia wapi? Reli ndiyo iliyoleta taabu. Ujenzi umeanza Mombasa 1896, umefika Nairobi 1899, umefika ziwani Kisumu Desemba 1901. Huwezi kuendesha treni kwenye njia moja ambapo kila stesheni ina adhuhuri yake, mtagongana. Mkutano wa Washington wa 1884 ulishaamua Greenwich ndiyo sifuri ya dunia, iliyobaki ni kila koloni kuchagua itakaa umbali gani nayo.

Na saa mbili na nusu haikuwa ya kubahatisha. Inalingana na nyuzi 37 na nusu, mstari ambao unapita karibu na Embu, na ukiteremka kusini unapita mashariki kidogo ya kilele cha Kilimanjaro. Ni katikati ya nchi kabisa, hakuna anayeonewa sana.

#6 MbishiWaMwisho

Mwalimu asante, ila mleta uzi umetupiga. Mimi niliwahi kusoma Kenya ilihamia saa tatu mwaka 1960, karibu na uhuru. Na robo tatu ilianza 1940. Wewe 1937 na 1942 umezitoa wapi? Nikichimba kwenye kompyuta yangu ya zamani hapa nakuta 1960.

#7 FundiMitambo

Mbishi leo umenikamata pazuri kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza siku mbili nzima.

Uko sawa kwamba kompyuta yako inasema hivyo. Jedwali la zamani liliandika 1940 na 1960, na lilikuwa na vifupisho vya kuchekesha vya kubuni tu, havikuwahi kutumika na binadamu yeyote Kenya. Baadae watu wakafukua Gazeti Rasmi la Kenya, tangazo kwa tangazo, wakakuta tarehe halisi ni mwanzo wa 1937 na mwisho wa Julai 1942, wakarekebisha. Mashine ambayo haijasasishwa miaka mingi bado inaamini uongo wa zamani. Tena kwa mashine yako wewe hata mtu aliyezaliwa 1955 anasogezwa robo saa, ambapo ukweli ni kwamba 1955 Kenya ilishakuwa saa tatu miaka kumi na tatu.

Kwa hiyo tuseme mashine mbili ofisi moja, moja mpya moja ya zamani, zinaweza kumpa mzee yuleyule siku mbili za kuzaliwa. Na zote zimewashwa, zote zinatabasamu.

#8 MbishiWaMwisho

Sawa nimekubali. Hii ni mara ya kwanza tangu nijiunge, mtunze hiyo komenti.

#9 BintiPwani

🤣🤣 tumeitunza

Ila mimi swali langu ni kwa nini. Kwa nini wapandishe, washushe, wapandishe tena nusu nusu kama watu wanaopima chumvi?

#10 Mwalimu_Jiografia

Binti, ukipandisha saa maana yake asubuhi kunakuwa na giza zaidi kwa saa ya ukutani na jioni kunabaki na mwanga zaidi. Jua halijasogea, wewe ndiye umesogeza ofisi. Aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni anapata nusu saa zaidi ya mwanga. Sasa jiulize Nairobi ya 1928, gavana ni Edward Grigg, ni nani hasa aliyekuwa anatoka ofisini na kuhitaji mwanga wa jioni, na ni nani aliyekuwa anaamka gizani kwenda kuwasha moto na kukamua ng'ombe? Mimi sisemi kitu.

#11 FundiMitambo

Mwalimu umesema kitu 😅

Mimi naongeza jambo moja, ile robo ya 1937. Angalieni, mbili na nusu upande huu, tatu upande ule, dakika 45 iko katikatikati kabisa. Hiyo ni bei ya sokoni hiyo. Huyu anataka mia mbili na nusu huyu anataka mia tatu, haya lete mia mbili sabini na tano tuachane. Kwa macho ya mstari wa ramani saa mbili na dakika 45 ni nyuzi 41 na robo, na huo mstari Kenya unaigusa huko pembezoni Mandera na kidogo karibu na mpaka wa Somalia pwani. Hata Lamu iko magharibi yake. Hakuna mtu wa maana kwenye uamuzi ule aliyekuwa anaishi huko.

Na hii ya sasa ya saa tatu ndiyo kali zaidi. Saa tatu ni nyuzi 45. Nyuzi 45 Kenya haipo kabisa! Kenya inaishia kabla ya nyuzi 42. Ukifuata nyuzi 45 uone ni mji gani mkubwa uko hapo jirani unakuta Mogadishu, iko nyuzi 45 na theluthi. Kwa hiyo wakuu tangu Agosti 1942 sisi tunatembea na saa ya jua la Mogadishu. Wao saa sita mchana ya ukutani jua liko utosini au limepita dakika moja tu. Sisi Nairobi tunangoja mpaka saa sita na dakika 33 kwa wastani.

Ndiyo maana Nairobi hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo jua linatoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mapema kabisa ni mwanzoni mwa Novemba, kama saa kumi na mbili na dakika 11. Februari linachelewa mpaka dakika 40 na kitu.

#12 KigomaMwishoWaReli

Nyie mnalia dakika 33? Njooni Kigoma.

Sisi tuko nyuzi 29 na desimali 6. Piga hesabu ya mwalimu hapo juu, dakika nne kwa kila uzi, unapata saa mbili kasoro dakika moja na nusu. Yaani sisi jua letu ni la saa MBILI lakini saa ya ukutani ni ya saa tatu, ile ile ya Dar. Jua linafika utosini saa saba mchana. Mwezi wa saba jua linachomoza saa moja na dakika kumi asubuhi. Mtoto wa shule anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu anaenda na tochi, mama anamsindikiza mpaka barabarani, halafu Dar huko kumeshakucha na watu washakunywa chai ya pili.

Kichekesho sasa, ziwa hili hapa. Ng'ambo kule Congo, Uvira, Kalemie, wenzetu wana saa mbili. Bujumbura juu hapo saa mbili. Jua ni lile lile moja, samaki ni wale wale, dagaa wanavuliwa na taa usiku ule ule, lakini mimi naambiwa saa tatu usiku yeye anaambiwa saa mbili. Nikienda Burundi kupitia Manyovu naondoka saa nne asubuhi nafika upande wa pili saa tatu. Nimekuwa kijana kidogo.

#13 BintiPwani

Kigoma mwisho wa reli na mwisho wa giza 😂

#14 KigomaMwishoWaReli

Reli yenyewe imefika huku 1914, Mjerumani kaijenga kutoka Dar. Mimi nadhani angeishia Tabora tungebaki na jua letu.

#15 TrelaHalisi

Wakuu mimi ni dereva, njia yangu Mombasa Juba. Niwape ya kwangu.

Sudan Kusini zamani walikuwa na saa yetu, saa tatu. Walivyojitenga na Khartoum 2011 walitoka nayo hiyo hiyo, kwa sababu Sudan nzima ilishahamishwa kutoka saa mbili kwenda saa tatu Januari 2000. Khartoum wao wakarudi saa mbili Novemba 2017. Juba wakangoja ngoja, halafu tarehe 1 Februari 2021 nao wakarudi saa mbili. Sasa mimi niko Elegu upande wa Uganda, kuna foleni, nimelala kwenye kichwa cha gari, nimetega simu initoe saa kumi na moja alfajiri niwe wa kwanza. Simu usiku ikanasa mtandao wa Nimule, upande wa Sudan Kusini. Ikajirekebisha yenyewe. Naamka najinyoosha nasema leo nimewapata, kutoka nje foleni imeshasogea malori arobaini, saa kumi na mbili ya Uganda na kunapambazuka. Utingo wangu ananiangalia kama mtu aliyefiwa.

Tangu siku hiyo nina saa ya mkononi ya mishale, siiamini simu ndani ya kilomita kumi za mpaka wowote. Rusumo hivyo hivyo, Tunduma na Nakonde hivyo hivyo.

#16 FundiMitambo

Trela pole sana. Na angalia kioja, Sudan Kusini imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, ikatoka kwenye saa ya Afrika Mashariki 2021. Ila kwa jua wako sahihi kuliko sisi, Juba iko nyuzi 31 na nusu hivi, saa yao ya jua ni mbili na dakika sita. Wamerudi nyumbani tu.

#17 MbishiWaMwisho

Nimerudi. Mimi naona haya yote ni ugomvi wa Wazungu na Greenwich yao. Sisi Waswahili tuna saa yetu, saa moja ni saa moja, jua likitoka umeanza kuhesabu. Waganda wanahesabu hivyo hivyo, Wahabeshi hivyo hivyo. Saa yetu haijawahi kuguswa na gavana yeyote.

#18 FundiMitambo

Hapa ndipo nilikuwa nakusubiri mbishi wangu maana hili ndilo hasa lililonileta.

Saa ya Kiswahili ILIGUSWA. Iliguswa kimya kimya bila tangazo la kwake. Chukua bibi yako Nairobi 1935, wakati ule wa saa mbili na nusu. Jua kwa wastani linatoka karibu saa kumi na mbili kamili. Akikwambia saa moja asubuhi, kweli ni saa moja tangu jua litoke, hesabu imekaa kama ilivyozaliwa. Chukua wewe leo Nairobi hiyo hiyo. Ukisema saa moja asubuhi jua limetoka nusu saa tu iliyopita. Neno ni lile lile, jua si lile. Kwa sababu sisi hatuhesabu tena kutoka kwenye jua, tunaangalia saa ya Mzungu mkononi, mshale uko kwenye saba sisi tunasoma namba ya upande wa pili, moja. Gavana akisogeza saba na moja yetu inasogea nayo. Ametusogeza wote na wala hakujua kama tupo.

Ukitaka saa ya Kiswahili ya kweli Nairobi lazima urudi 1936. Na ukitaka Kigoma, hiyo sijui urudi wapi, nenda Burundi.

#19 MbishiWaMwisho

...

#20 BintiPwani

Amenyamaza! Mbili kwa siku moja!

#21 MtuWaMjiMkongwe

Nimesoma kimya kimya lakini hapo sina budi kuingia. Mnasema saa inaanza jua likitoka, kwetu Unguja na Pemba na mpaka Lamu wazee walikuwa wakiipata saa kwa magharibi, si kwa asubuhi. Jua likizama ni saa kumi na mbili imetimia, na siku mpya imeingia hapo hapo. Ndio maana tukasema usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, mtu wa bara ukimwalika usiku wa Ijumaa anakuja siku ya pili biriani imekwisha.

Babu yangu alikuwa na saa ya ukutani ya kutia ufunguo. Ikiadhiniwa magharibi anapanda kiti anaiweka kumi na mbili, kila siku, maisha yake yote. Si kwamba saa ilikuwa mbovu. Yeye kwake saa ndiyo inayomfuata muadhini, muadhini hamfuati saa. Redio ilipokuja akawa na saa mbili, hiyo na nyengine ya kusikilizia habari, na akikuambia saa ilikuwa wajibu wako kumuuliza ya wapi.

Na Beit al Ajaib pale Forodhani ule mnara wa saa tuliokuwa tukiutizama sote, Disemba 2020 jengo limeporomoka sehemu ya mbele na mnara umekwenda nalo. Nilikuwa hapo siku ya pili yake. Vumbi tupu.

#22 BintiPwani

Kaka wa Mji Mkongwe umenikumbusha Ramadhani. Redioni wanatangaza magharibi ya Mombasa na vitongoji vyake, halafu ndio inakuja orodha ya miji ya bara, kila mmoja na dakika zake za kuongeza. Nilipokuwa mdogo tuna shangazi Nairobi nilikuwa namuonea huruma, naona kama ameadhibiwa dakika kumi na kitu. Kumbe ndio hizo nyuzi za mwalimu, Mombasa na Nairobi zinapishana karibu nyuzi tatu, dakika kumi na moja na nusu hivi.

Kwa hiyo saa ya jua haijafa, bado iko kwenye sahani ya tende.

#23 Mwalimu_Jiografia

Hiyo ya sahani ya tende nitaitumia darasani, sikuombi ruhusa.

#24 Mgeni_Uingereza

Nyie mna bahati kama mnasogezewa mara nne halafu mnaachwa miaka themanini. Huku mara mbili kila mwaka. Machi mbele, Oktoba nyuma. Mama yangu yuko Machakos, majira ya joto tunapishana saa mbili, ya baridi saa tatu, na hajawahi kukubali kwamba ni mimi ninayehama. Kila Oktoba ananiambia mbona mmebadilisha saa huko Kenya, namwambia mama wewe ndiye uko Kenya.

#25 TrelaHalisi

🤣🤣🤣 mama yuko sahihi

#26 FundiMitambo

Mgeni, nilisahau hilo. Sisi kwenye ikweta mchana na usiku zinalingana karibu mwaka mzima, kwa hiyo kusogeza saa kwa msimu hakuna faida. Ndiyo maana ile mizunguko ya 1928 na 1930 ilikuwa kama mtu anayejaribu koti la mtu mwingine.

Mrejesho wa kazi: nimewarekebisha wazee wote. Dawa ilikuwa ndogo mpaka aibu, tarehe ya kuzaliwa unaihifadhi kama tarehe tu, haina saa, haina Greenwich, haina chochote. Kosa ni la aliyeambatanisha saa sita ya usiku kwenye siku ya mtu kuzaliwa kama vile kuna aliyekuwa pale na saa mkononi. Mzee mmoja wa 1941 nilimkuta dirishani amekuja kuhakikisha, nikamuuliza mzee wewe ulizaliwa saa ngapi, akaniambia mama yake alisema ng'ombe walikuwa wanatoka zizini. Hiyo haina programu.

Nusu ya hela yangu bado sijaipata lakini nimeahidiwa Ijumaa. Sijauliza usiku wa Ijumaa ya wapi.

#27 KijanaWaVoi

Mkuu uzi mtamu. Mimi niko Voi, nataka kujua jua langu mimi. Nafanyaje bila kusoma sana?

#28 Mwalimu_Jiografia

Voi ni nyuzi 38 na desimali 6 hivi. Zidisha kwa nne, dakika 154. Saa tatu za Kenya ni dakika 180. Toa, zinabaki 26. Kwa hiyo kwa wastani jua lako linafika juu kabisa saa sita na dakika 26 mchana, ila kuna miezi linawahi na miezi linachelewa mpaka robo saa, usishangae. Ukitaka kuona kwa macho simamisha fimbo iliyonyooka uwanjani, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa sita kamili. Kivuli kifupi kuliko vyote ndiyo adhuhuri yako.

#29 KijanaWaVoi

Nimeshasimamisha fimbo sasa hivi. Kesho naleta mrejesho na dakika zake.

#30 MbishiWaMwisho

Nasubiri. Nina shaka na hiyo 26.

#31 KijanaWaVoi

Mrejesho: mbuzi wa jirani aliing'oa saa sita na dakika kumi. Narudia kesho.